Mafunzo Niliyopata Tulipowaalika Wazee wa Vita vya Kagera

Mwaka jana, siku chache kabla ya Siku ya Mashujaa, Julai 25, chuo chetu kiliwaenzi wapiganaji wa Vita vya Kagera wanaoishi kata yetu. Mimi nilikuwa katibu wa kamati.

1. Usianze na sare. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa ya wastaafu wa jeshi peke yao. Mzee anayeuza ndizi nje ya geti aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, na sisi mgambo je?" Niliona aibu. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, kisha yakalipua daraja la Kyaka, mgambo kwa maelfu waliacha jembe wakashika bunduki. Kampala ilipotekwa Aprili 1979, nao walikuwa mstari wa mbele. Baadaye wengi walirudi kwenye jembe lile lile, kimya kimya. Ikabidi nipite kwa mabalozi, nyumba kwa nyumba. Orodha ikazidi mara mbili.

2. Mzee hawekewi saa. Ratiba ilimpa kila mmoja dakika tano. Yule muuza ndizi alikiweka kipaza sauti mezani, akaomba chaki. Akachora barabara itokayo Masaka kwenda Kampala, akaonyesha Lukaya na kinamasi chake, halafu akatia nukta moja pembeni. "Hapa ndipo alipolala mwenzangu." Mkono ulimtetemeka, chaki ikakatika mara mbili. Mshereheshaji alipotaka kumkatisha, nilimwashiria akae. Mzee alisema kwa muda wa dakika arobaini, na ukumbini hakikusikika hata kikohozi.

3. Wajane ni wa hafla hii pia. Mama mmoja, ambaye mumewe amezikwa Kaboya kule Muleba, aliomba jina la marehemu lisomwe tu. Liliposomwa alisimama, akajifunga khanga vizuri, akaitika kwa niaba yake.

4. Tumechelewa, tuharakishe. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 vitani leo anakaribia sabini. Vyeti tulivyogawa ni vizuri, lakini vyeti havisimulii. Sasa wanafunzi wa historia humfuata mzee wetu kila Jumamosi asubuhi, wanambebea mikungu hadi getini, kisha wanamrekodi kwa simu. Amekataa kurukaruka, anataka kuanzia siku alipoitwa. Jumamosi iliyopita walikuwa ndiyo kwanza wamefika Mutukula, mpakani.