Vumbi Lisiingie Nyumbani: Somo la Majani, Miti na Afya

USALAMA NA AFYA: SOMO LA MWEZI



Mara nyingi ukurasa huu unasema juu ya kofia ngumu, miwani na viatu vya usalama. Mwezi huu tunatoka kiwandani, tunaingia katika lupango. Mfano wetu utakuwa mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, mtaa uliopata jina lake kutokana na uwanja wa golfu. Mkaaji wa Golf huweza kusema: «Mimi niko mbali na bomba la kiwanda, nina miti na nafasi, vumbi la madini si shauri langu.» Somo hili litaonyesha kwamba ni shauri lake pia. Litaonyesha vilevile kwamba dawa ya kwanza ya vumbi hilo haiuzwi farmasi. Inaota chini, mbele ya mlango wake.

1. VUMBI LA MADINI LINATOKA WAPI?

Tanuru la shaba la Lubumbashi liliwashwa mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa. Kwa miongo mingi moshi wake ulisukumwa na pepo za kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi. Ndani ya moshi ule mlikuwa na shaba, risasi, zinki, kadimi na kobalti. Zikaanguka polepole juu ya udongo. Katika njia ya moshi huo, hasa upande wa Penga Penga, miti ya miombo ilikufa, na udongo ukabaki wazi kama ngozi iliyochunwa.

Tushike jambo moja ambalo somo lote linasimama juu yake: metali haiozi. Jani linaoza, karatasi inaoza, hata mfupa unakwisha. Risasi iliyoanguka miaka mingi iliyopita ingali pale. Angalia Kabwe, kwa jirani zetu wa Zambia: mgodi wake wa risasi na zinki ulifungwa mwaka 1994, lakini risasi ingali katika udongo wa mitaa na katika damu ya watoto waliozaliwa baada ya mgodi kufungwa.

Vumbi lina miguu mingine pia. Linapanda juu ya lori za madini, linashuka barabarani. Linakaa katika mshono wa suruali ya kazi, chini ya kiatu, juu ya zulia la gari. Kwa njia hiyo linaweza kufika Golf bila kusubiri upepo.

2. LINAINGIAJE MWILINI?

Kuna njia tatu: pua, chakula na mikono. Kwa mtoto mdogo, mikono ndiyo njia kubwa. Anatambaa, anacheza chini, kisha anatia vidole kinywani mara nyingi kwa siku. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwili wa mtoto mdogo hushika risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Tena hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina hatari.

Mwaka 2009 waganga na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha kazi yao juu ya mkojo wa watu wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda, chini ya kilomita 3, walikuwa na metali nyingi kuliko waliokaa mbali. Kobalti yao ilikuwa kubwa kuliko yote iliyowahi kuandikwa kwa raia wa kawaida, na kwa watoto hali ilikuwa mbaya zaidi. Utafiti wa mwaka 2014 ukaeleza njia: kwa mtu mzima ni chakula hasa, kwa mtoto, vumbi analolimeza.

Mwaka 2020 ulitoka utafiti mwingine, uliofanywa katika nyumba za uzazi za Lubumbashi. Wataalamu walilinganisha watoto waliozaliwa na kilema na watoto waliozaliwa wazima. Katika mambo waliyoyapima, lililoshikamana zaidi na kilema lilikuwa kazi ya baba katika madini. Utafiti huo hausemi kwamba kila baba anayefanya kazi ya madini atapata mtoto mwenye kilema, wala haukuthibitisha njia yenyewe. Lakini baba mwenye akili hangoji uthibitisho wa mwisho ili avue nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto.

3. KWA NINI LOPITALI PEKE YAKE HAITOSHI

Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nijeria, watu walisaga mawe ya dhahabu majumbani. Mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Watoto zaidi ya 400 walikufa. Madaktari Wasio na Mipaka walifika na dawa inayovuta risasi kutoka katika damu. Lakini waliona hesabu moja ngumu: mtoto akitibiwa halafu akarudishwa katika ua uleule wenye sumu, risasi inarudi, na dawa imepotea bure. Basi wakashika mpango huu: kwanza udongo wenye sumu uondolewe uani na mahali pake pawekwe udongo safi, ndipo mtoto aanze dawa.

Hilo ni fundisho kubwa kwa mji wowote wa madini. Dawa ile ni ya watoto wenye risasi nyingi sana, tena inahitaji ulinzi wa muganga. Kwa kobalti ya kila siku inayoingia kidogo kidogo hakuna sindano ya kuingoja. Lopitali inapata nguvu pale ambapo wagonjwa hawatengenezwi upya kila siku katika lupango.

4. MAJANI YANAFANYA KAZI GANI?

Hatuwezi kuchimba na kubeba udongo wote wa Lubumbashi. Lakini tunaweza kuifunga metali pale ilipo. Majani na miti hufanya kazi nne:

a) Mizizi inashika udongo usipeperuke wala usichukuliwe na mvua.
b) Majani ya juu yanavunja nguvu ya upepo na ya matone ya mvua.
c) Majani yanayoanguka yanaoza, yanakuwa mbolea, na mbolea hiyo inashika metali isitembee.
d) Kivuli kinabakiza unyevu, na udongo wenye unyevu hautoi vumbi.

Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walijaribu jambo hili katika udongo wa hapa hapa. Kazi waliyoichapisha mwaka 2010 ilitumia majani matatu ya kwetu, pamoja na chokaa na mbolea ya takataka zilizooza. Moja la majani hayo ni ukoka, ule unaoujua kwa jina la gazo. Jingine ni jani dogo la Katanga liitwalo kwa Kilatini Microchloa altera, ambalo huota lenyewe mahali penye shaba. Chokaa na mbolea vilisaidia mimea kuishi. Sababu ni hii: chokaa inapunguza uchachu wa udongo, na udongo usio mchachu hauiachii metali kwa urahisi.

Kule Kipushi, miti ilipandwa juu ya matope yaliyobaki ya kiwanda cha kusafisha madini. Mwaka 2022 wataalamu walichapisha hali yake baada ya miaka 15. Kulikuwa na akasia, lebeki, lusina, mkrismasi, mukula na mzambarau wa porini. Walipima udongo, mimea iliyojiotea chini ya miti, hata metali katika mbao. Hilo la mwisho ni la maana: mti mzuri kwa kazi hii ni ule unaobakiza metali kwenye mizizi bila kuipandisha juu sana.

5. TUFANYE KAZI: LUPANGO MOJA YA GOLF

Tuchukue lupango ya mita 20 kwa 25, yaani mita za mraba 500. Nyumba na saruji zimechukua 200. Zimebaki 300 za udongo mtupu, unaofagiwa kila asubuhi mpaka unang'aa. Mama anasifiwa kwa usafi, lakini kila ufagio mkavu unarusha vumbi dirishani na juu ya sufuria. Tufanye hivi:

Hatua ya kwanza: mahali pa watoto. Anza na mahali watoto wanapocheza, hata kama ni mita 20 tu. Ukoka hupandwa kwa vipande vya shina vya sentimita 10 hadi 15, nafasi ya sentimita 25 kati ya kipande na kipande. Mwezi mzuri ni Novemba au Desemba, mvua ikiisha kukaa. Changanya mbolea iliyooza, na chokaa ya shamba kilo 2 kwa mita za mraba 10. Angalia: ni chokaa ya shamba. Chokaa mbichi ya kujengea inaunguza macho na ngozi. Unapomwaga hata ile ya shamba, vaa miwani na glovu, na simama upande upepo unakotoka.

Hatua ya pili: upande wa barabara. Panda ua mzito wa mimea kando ya ukuta, hasa kama barabara yako ni ya udongo. Majani yake yanakamata vumbi, na mvua inaliangusha chini ya ua huo. Kwa hiyo usipande lengalenga wala ngai-ngai pale chini.

Hatua ya tatu: bustani ya mboga. Mboga za majani hushika vumbi juu yake, na nyingine huvuta metali kwa mizizi. Mwaka 2013 wataalamu wa Lubumbashi walichapisha vipimo vya mboga za masoko ya mji, na metali zilionekana ndani yake. Inua tuta la sentimita 30 kwa udongo mzuri na mbolea. Osha lengalenga, sombe na kalembula kwa maji matatu. Miti ya matunda, kama mwembe na parachichi, kwa kawaida hupeleka metali kidogo katika tunda kuliko mboga inavyopeleka katika jani.

Hatua ya nne: panapobaki. Mahali pasipoota kitu, weka kokoto au magome ya miti. Usinunue udongo wa kujazia bila kujua umetoka wapi.

Hatua ya tano: ufagio. Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Ndani ya nyumba tumia kitambaa chenye maji na ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuza.

6. MLANGO NI MPAKA

Ukoka hautasaidia kitu kama baba anapita juu yake na viatu vya kiwandani. Wewe mfanyakazi, shika amri hizi:

– Oga katika bafu za kampani, badili nguo huko.
– Usijipulize nguo kwa hewa ya kompresa. Vumbi linaingia mapafuni mwako na mwa mwenzako, na hewa hiyo inaweza kutoboa ngozi au kuharibu jicho.
– Kama nguo lazima zifike nyumbani, zifungwe katika mfuko, zifuliwe peke yake. Zisiingie beseni moja na nguo za mtoto.
– Viatu vibaki nje ya mlango.
– Osha mazulia ya gari kila juma.

Kapita naye ana sehemu yake. Kama bafu halina maji au sabuni imekwisha, hilo ni jambo la kuandika katika ripoti ya usalama kama unavyoandika kamba iliyokatika.

7. MASWALI YA WASOMAJI

Mtoto wangu anacheka na kucheza. Ana haja ya kupimwa? Risasi kidogo mara nyingi haionyeshi dalili, lakini inapunguza akili na uwezo wa kujifunza. Kama mtoto anakula udongo, au baba anafanya kazi ya metali au betri, mwulize muganga juu ya kipimo cha damu. Tumbo linalouma mara kwa mara, choo kigumu, weupe wa macho na uchovu ni dalili za kupeleka. Mtoto akishikwa na degedege, ni lopitali mara moja.

Mke wangu ana mimba na anapenda pemba. Kuna ubaya? Upo. Pemba ni udongo, na inaweza kuwa na risasi inayopita kwa mtoto tumboni. Hamu ya pemba mara nyingine ni alama ya kukosa damu. Aiseme kwa muganga wa kliniki.

Chakula kinaweza kulinda? Kinasaidia. Mwili wenye chuma na kalisi ya kutosha hushika risasi kidogo zaidi. Mpe mtoto maharagwe, ndakala na maziwa, wala asishinde na njaa. Lakini chakula hakichukui mahali pa kunawa mikono.

Je, majani hayataleta mbu? Ukoka mfupi hauna maji ya mbu. Mbu huzaa katika maji yaliyosimama: makopo, matairi na mifereji iliyoziba. Fyeka ukoka, mwaga maji hayo, lala chini ya chandarua.

KUMBUKA

Metali haiozi: ifunge mahali ilipo.
Udongo mtupu ni vumbi la kesho: ufunike.
Ufagio mkavu hurusha: tumia maji.
Nguo ya kazi ni ya kazini: ivue kabla ya kumshika mtoto.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza, tafuta vipande vya ukoka kwa jirani. Havina bei kubwa. Lupango moja iliyofunikwa inapunguza vumbi lake. Mtaa mzima wa Golf ukifunika, upepo wa kiangazi kijacho utakosa cha kubeba.