Pembe za vekta na mihimili mitatu

SWALI: Nikipewa vekta yenye x, y na z, nitapataje pembe inazofanya na kila mhimili? Nimejumlisha zangu, hazikufika 180°. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa kidato cha tano, Lugoba

JIBU: Huenda hujakosea popote. Chukua nguzo iliyoshikiliwa na waya, kama zile za kwenye machimbo ya kokoto hapo Lugoba. Tuseme kutoka kigingi cha waya hadi kileleni mwa nguzo ni meta 2 kuelekea mashariki, 3 kaskazini na 6 juu. Vekta ni (2, 3, 6).

Kwanza tafuta urefu: 4 + 9 + 36 = 49, kipeuo chake cha pili ni 7. Kisha gawa kila sehemu kwa urefu huo. Unapata kosaini za pembe: 2/7, 3/7 na 6/7. Kikokotoo kitakupa takriban 73.4°, 64.6° na 31.0°.

Jumla ni 169°, na ni sawa kabisa. Pembe hizi si za pembetatu moja, hivyo hazidaiwi 180°. Kinachotakiwa ni miraba ya kosaini ijumlishwe iwe 1: 4/49 + 9/49 + 36/49 = 1. Hakiki jibu lako kwa njia hiyo kila mara.

Angalia pia alama ya kutoa. Waya ukielekea magharibi, 2 inakuwa -2, na pembe ya x inakuwa 106.6°. Usiifute alama hiyo; ndiyo inayoonyesha upande.