Orodha Kwanza, Safari Baadaye: Kusakinisha Programu na Draiva za Linux Pasipo na Intaneti

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha mwalimu aliyekabidhiwa kompyuta kumi zilizokwishatumika na kuambiwa afungue maabara. Ni cha fundi wa mjini anayeletewa mashine kutoka kijijini. Ni cha kijana aliyeweka Linux kwa mara ya kwanza, akawasha kompyuta yake na kukuta alama ya waifai haipo. Wote hao hukwama mahali pamoja: waifai haishiki kwa sababu kuna kitu kinakosekana, na kitu chenyewe kiko kwenye intaneti, ambayo haipatikani bila waifai.

Wengi wakifika hapo hukata tamaa na kurudisha mfumo wa zamani, mara nyingi nakala ya wizi isiyopokea masasisho. Tunaomba usifike huko. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ilienea kwanza kwa disketi na CD zilizopita mkono kwa mkono. Kati ya mwaka 2005 na 2011 mradi wa Ubuntu ulikuwa ukituma CD kwa posta, bure, kwa yeyote aliyeomba. Kufanya kazi bila intaneti si jambo geni kwa mfumo huu. Kinachotakiwa ni utaratibu, na utaratibu huo huanza na kalamu na karatasi.

Mifano yetu inahusu familia ya Debian, yaani Debian yenyewe, Ubuntu na Linux Mint.

Maneno utakayokutana nayo

- *Kifurushi*: hapa si bando la simu. Ni faili moja lililobeba programu na maelezo ya mahali pa kuiweka. Jina lake huishia na .deb.
- *Kifurushi tegemezi*: kifurushi kinachohitajika ili kingine kifanye kazi.
- *Ghala*: seva rasmi zinakohifadhiwa vifurushi vya mfumo wako.
- *Kerneli*: kiini cha Linux, kinachoongoza vifaa vyote vya kompyuta.
- *Draiva*: sehemu inayoiwezesha kerneli kuongoza kifaa fulani, kama kadi ya waifai.
- *Famiwea*: maelekezo ambayo draiva hupakia ndani ya kifaa chenyewe kabla hakijaanza kazi.

Tofauti ya haya mawili ya mwisho itakuokolea siku nzima. Aliyezoea Windows hutafuta draiva kwa kila kifaa. Kwenye Linux, draiva nyingi zimo tayari ndani ya kerneli; mara nyingi kinachokosekana ni famiwea, kifurushi kimoja tu, chepesi kubeba kwenye flashi.

Hatua ya 1: Iulize mashine, andika jibu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu anayepanda basi kwenda mjini kupakua "draiva ya waifai" bila kujua ya kadi gani, ya toleo gani, atarudi na faili lisilomfaa, na nauli imekwenda. Kabla ya kuondoka, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika amri hizi moja moja, na unakili majibu.

Mfumo gani, toleo gani:

    cat /etc/os-release

Usanifu wa mfumo (kompyuta nyingi hujibu amd64):

    dpkg --print-architecture

Toleo la kerneli:

    uname -r

Vifaa vilivyo ndani ya kompyuta:

    lspci -nnk

Kwa kadi za waifai zinazochomekwa kwenye USB, tumia lsusb.

Jibu la lspci ni refu. Tafuta mstari wenye maneno Network controller. Mwishoni mwake kuna namba mbili ndani ya mabano ya mraba, kwa mfano [14e4:4365]. Namba ya kwanza ni ya mtengenezaji: 14e4 ni Broadcom, 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek. Ya pili ni ya kifaa chenyewe. Jina lililobandikwa nje ya kompyuta linaweza kukupotosha, kwa kuwa modeli moja huweza kutoka kiwandani na kadi tofauti. Namba hizi ndizo za kuamini.

Angalia pia mistari iliyo chini yake. Ukiona Kernel driver in use, draiva ipo na inatumika. Kama waifai bado haishiki, uliza habari za famiwea:

    sudo dmesg | grep -i firmware

Mara nyingi jibu litataja jina la faili linalotafutwa. Kwenye Debian, kadi za Intel huhitaji kifurushi cha firmware-iwlwifi, na kadi nyingi za Realtek huhitaji firmware-realtek. Kadi ya Broadcom tuliyoitaja, 14e4:4365, ni ngumu zaidi: huhitaji broadcom-sta-dkms, ambacho hutengeneza draiva papo hapo ndani ya kompyuta yako na kwa hiyo huja na vifurushi tegemezi vingi.

Hatua ya 2: Chagua njia

*Njia ya kwanza: simu na waya wake.* Kama mtandao wa simu unapatikana ulipo, huna haja ya kusafiri. Chomeka simu ya Android kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kupitia USB. Linux kwa kawaida huitambua simu hiyo kama mtandao wa waya, bila kuongeza draiva yoyote. Hakikisha bando linatosha, sakinisha kile kifurushi kimoja cha waifai, kisha chomoa.

*Njia ya pili: flashi ya usakinishaji iliyo mpya.* Debian ilikuwa ikitenga famiwea zisizo huru nje ya diski zake rasmi, na wanaoanza wengi waliumia kwa sababu hiyo. Mwaka 2022 waendelezaji wake walipiga kura kubadili utaratibu, na tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, famiwea hizo zimo ndani ya diski rasmi. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika, angalia umri wa nakala uliyotumia. Kusakinisha upya kwa nakala mpya, wakati kompyuta bado haina kazi za mtu, huenda kukamaliza tatizo lote. Wanaotumia Linux Mint wachomeke flashi waliyosakinishia na kufungua programu ya Driver Manager, ambayo katika matoleo ya karibuni huweza kuchukua draiva kutoka kwenye flashi hiyo.

*Njia ya tatu: mashine pacha.* Hii ndiyo tunayoipendekeza zaidi kwa shule. Chukua flashi ya live, ile ile uliyosakinishia, uende nayo kwenye kompyuta yenye intaneti. Omba ruhusa ya mwenyewe, iwashe kwa flashi hiyo na uchague kujaribu mfumo. Usibonyeze kitufe cha kusakinisha, usije ukafuta kazi za mtu. Sasa una pacha wa kompyuta uliyoiacha nyumbani: toleo lile lile na karibu vifurushi vile vile. Kinachokosekana kwake ndicho kinachokosekana kwako.

Tuseme unataka GCompris, mkusanyiko wa michezo ya kujifunzia kwa watoto. Andika:

    sudo apt update
    sudo apt-get install --download-only gcompris-qt

Mfumo utahesabu vifurushi tegemezi vyote na kuvipakua bila kuvisakinisha. Utavikuta kwenye folda ya /var/cache/apt/archives. Nakili kila faili la .deb lililomo kwenye flashi ya pili. Fanya hivyo kabla ya kuzima, kwa maana mfumo wa live huishi kwenye RAM na ukizimwa kila kitu hufutika.

Kwa ile kadi ya Broadcom kwenye Debian 12, kwanza ongeza neno non-free mwishoni mwa mistari ya maghala ndani ya /etc/apt/sources.list, rudia sudo apt update, kisha pakua hivi vitatu kwa pamoja:

    sudo apt-get install --download-only linux-image-amd64 linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms

Tunavichukua pamoja ili kerneli na vichwa vyake (linux-headers) viwe vya toleo moja. Vikipishana, draiva haitatengenezwa.

*Njia ya nne: apt-offline.* Njia hii inafaa kompyuta iliyokwishatumika muda mrefu na kubadilika, kiasi kwamba haina pacha tena. Programu ya apt-offline huandika orodha ya mahitaji ndani ya faili dogo, ikapakua kwenye kompyuta yenye intaneti, hata ya Windows yenye Python, kisha ikarudisha mzigo nyumbani:

    sudo apt-offline set orodha.sig --install-packages gcompris-qt
    apt-offline get orodha.sig --bundle mzigo.zip
    sudo apt-offline install mzigo.zip
    sudo apt install gcompris-qt

Amri ya pili tu ndiyo inayotumika kwenye kompyuta yenye intaneti. Kwa kuwa apt-offline yenyewe ni kifurushi, ipakie kwenye kila kompyuta ya maabara siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Sakinisha nyumbani

Kama ulitumia njia ya tatu, nakili folda ya vifurushi kutoka kwenye flashi hadi kwenye kompyuta. Fungua terminali ndani ya folda hiyo na uandike:

    sudo apt install ./*.deb

Usisahau nukta na mkwaju. Ndivyo vinavyoiambia apt itazame ndani ya folda hii badala ya kwenda ghalani. Ukiona onyo lenye neno unsandboxed, usishtuke, halina madhara. Ukimaliza kusakinisha draiva au famiwea, washa kompyuta upya.

Mambo yanayokwamisha

*Kifurushi tegemezi kimekosekana.* Mfumo utakitaja kwa jina. Usilazimishe usakinishaji kwa amri za nguvu. Utaacha mfumo nusu nusu, na kila programu utakayoweka baadaye italalamika. Nakili jina lililotajwa na ukalifuate safari ijayo.

*Draiva imesakinishwa lakini haipakiwi.* Ikiwa ni ya Broadcom, huenda Secure Boot, ulinzi unaokataa draiva zisizo na saini inayotambulika, inaizuia. Unaweza kuizima kwenye mipangilio ya UEFI, au kusajili ufunguo wa draiva kwa sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub. Utaulizwa uweke neno la siri, na kompyuta itakapowaka upya utaliandika tena kwenye skrini ya uthibitisho.

*Faili kubwa halikubali kunakiliwa.* Flashi iliyoandaliwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4. Iandae upya kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo.

*Faili limeharibika.* Sababu ya kawaida ni kuchomoa flashi haraka. Toa flashi kwa utaratibu na usubiri ruhusa ya mfumo.

Tahadhari ya usalama

Unapopakua kwa apt, mfumo huhakiki saini za ghala. Ukisakinisha .deb la mkononi, hakuna anayekuhakikia, na kifurushi hicho hupewa mamlaka yote juu ya kompyuta yako. Chukua vifurushi kwenye maghala rasmi tu, usipokee .deb lililotumwa na mtu usiyemjua. Baada ya kunakili, linganisha alama za mafaili pande zote mbili kwa sha256sum *.deb. Herufi moja ikitofautiana, faili hilo lisisakinishwe.

Karatasi ya safari

Nakili fomu hii kwenye daftari la maabara, ukurasa mmoja kwa kila kompyuta. Ijaze kabla ya kutoka nyumbani.

1. Namba ya kompyuta: ........
2. Mfumo na toleo: ........
3. Usanifu: ........
4. Toleo la kerneli: ........
5. Namba za kadi ya waifai: ........
6. Famiwea au draiva inayotakiwa: ........
7. Programu zinazotakiwa: ........
8. Tarehe ya kupakua, na jina la folda iliyomo kwenye flashi: ........
9. Kilichokosekana, cha kufuata safari ijayo: ........

Daftari hili na flashi ya vifurushi vibaki maabara hata ukihamishwa kituo. Atakayekuja baada yako atakuta mahali pa kuanzia, na wanafunzi hawatakaa muhula mzima wakisubiri.