USAFI WA BAFU NA VYOMBO VYA MAJI

Katika nyumba nyingi za Timbwani, huko Likoni upande wa kusini wa Mombasa, bafu ni chumba kidogo kilicho uani, nacho hutumiwa na watu wengi. Mwenye nyumba huoga humo, wapangaji huoga humo, na watoto huogeshwa humo kabla ya kwenda shule. Asubuhi wako wanaoharakia feri, na jioni wako wanaorudi kazini na jasho na vumbi. Tena ni humo wengi hutawadha kabla ya kusali. Ni vigumu kupata chumba kingine nyumbani kinachoingiwa na watu wengi hivyo kwa siku moja, au kinachoharibika upesi hivyo kikikosa kuangaliwa.

Uchafu wa bafu ni wa namna mbili. Wa kwanza huonekana kwa macho: ukoga sakafuni, utando wa sabuni ukutani, na ukoko mweupe katika bomba. Wa pili hauonekani kwa urahisi, nao ni mayai ya mbu yaliyogandamana upande wa ndani wa pipa au mtungi wa maji ya kuogea. Watu wengi hupigana na ule wa kwanza na kuusahau wa pili. Kumbe huo wa pili ndio uwezao kulaza nyumba nzima kwa homa. Kwa hiyo yafaa kujua namna ya kuondoa uchafu wote wawili, kwa vitu vilivyo karibu na kwa gharama ndogo.

MAJI YA PWANI NA TABIA YAKE

Mombasa haina mto wa maji matamu ulio karibu. Maji ya mifereji hutoka mbali: Mzima katika Tsavo, ambako bomba la zaidi ya kilomita 200 lilijengwa katika miaka ya 1950, Baricho katika mto Sabaki, chemchemi ya Marere katika milima ya Shimba, na visima virefu vya Tiwi. Maji hayo hayatoshi watu wote kila siku, na kwa sababu hiyo watu huweka akiba katika mapipa, matangi na mitungi, au huteka maji ya visima.

Maji ya visima vya pwani mara nyingi huwa na chumvi, na kwa kuwa ardhi ni ya mawe ya matumbawe, huwa pia na chokaa nyingi. Maji ya namna hii huitwa maji magumu. Sabuni haitoi povu upesi ndani yake. Badala yake chokaa na sabuni huungana na kuwa utando wa kijivu unaoshika ukutani, sakafuni na ndani ya hodhi. Tena maji yakikauka, chokaa hubaki na kuwa ukoko mweupe mgumu. Mwenye kujua jambo hili hatashangaa kwa nini sabuni peke yake haiondoi ukoko huo: sabuni ni katika vitu vilivyouleta.

KAZI YA KILA SIKU

Kazi ya kila siku ni ndogo, nayo huokoa taabu kubwa. Kila mtu amalizapo kuoga, na amwage maji safi kata mbili au tatu sakafuni na ukutani, ili povu liondoke kabla halijakauka. Kisha maji yafagiliwe kuelekea shimo la kutokea kwa fagio la chelewa, wala yasiachwe yatuame pembeni. Nywele na vipande vya sabuni viokotwe na kutupwa, kwa maana hivyo ndivyo vizibavyo bomba. Mwisho mlango au dirisha liachwe wazi, hewa ipite. Ukoga na kuvu hupenda giza na unyevu. Mahali pakavu havidumu. Dodoki la kujisugulia na taulo visiachwe bafuni vikiwa vimelowa, bali vianikwe juani.

KAZI YA KILA JUMA

Mara moja kwa juma bafu lisuguliwe lote. Sakafu ya saruji husuguliwa kwa sabuni ya unga na brashi ngumu, au kwa makumbi ya nazi, kama walivyofanya wazee. Kazi ianzie juu ya ukuta na kuishia sakafuni, ili uchafu ushukao usipite mahali palipokwisha safishwa. Pembe za ukuta na ukingo wa shimo la maji ndipo penye ukoga mwingi, na ndipo watu huteleza. Mzee akianguka bafuni akavunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani. Basi kuondoa utelezi si kazi ya urembo.

Ukoko wa chokaa hauondolewi kwa nguvu za mkono bali kwa kitu kichachu. Siki au maji ya ndimu hupakwa juu yake, huachwa kwa nusu saa, kisha husuguliwa na kuoshwa kwa maji mengi. Ukoko ukiwa mnene, kazi hii irudiwe. Lakini siki na ndimu hula pia saruji na marumaru, kwa sababu vitu hivyo vina chokaa ndani yake. Kwa hiyo zitumike juu ya vigae, mifereji na vyombo vya chuma, wala zisiachwe zikae juu ya sakafu ya saruji.

Nyumba zilizo na bomba la mvua hupata shida ya vitundu kuziba, maji yakatoka upande mmoja tu. Dawa yake ni rahisi. Kichwa cha bomba hufunguliwa na kulazwa ndani ya bakuli la siki usiku mmoja, na asubuhi vitundu husuguliwa kwa mswaki mkuukuu. Kikiwa hakifunguki, mfuko wa plastiki wenye siki hufungwa kwa uzi ukizunguka kichwa hicho, nacho kikae ndani ya siki hiyo muda wa saa chache.

Hodhi la kuogea lataka mkono mwepesi. Mengi ni ya chuma kilichopakwa rangi ngumu ing'aayo, na mengine ni ya plastiki. Mchanga, majivu na waya wa kusugulia masufuria huyakwaruza, na uchafu hujificha katika mikwaruzo hiyo, hata hodhi likaonekana chafu ingawa limeoshwa. Litumike dodoki au kitambaa laini, pamoja na sabuni au magadi ya kupikia yaliyotiwa maji kidogo yakawa kama uji mzito. Alama ya duara ibakiayo mahali maji yalipofika ni mafuta ya mwili na sabuni. Huondoka upesi ikifutwa siku ile ile, na huwa ngumu ikiachwa juma zima.

DAWA ZISIZOPASWA KUCHANGANYWA

Dawa ya klorini, ambayo hutumiwa pia kung'arisha nguo nyeupe, huua vijidudu na kuvu. Itumike kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa, baada ya bafu kuoshwa kwa sabuni, kwa sababu klorini hupoteza nguvu yake juu ya uchafu. Lakini isichanganywe kamwe na siki, ndimu, au dawa kali ya tindikali ya kusafishia choo. Vitu hivyo vikikutana hutoa hewa ya sumu iumizayo macho na mapafu, na ndani ya chumba kidogo kisicho na dirisha huweza kuua. Isichanganywe pia na dawa yenye amonia, na kama kuna mkojo sakafuni, uoshwe kwanza kwa maji mengi. Mtu aliyetumia siki leo na aoshe vizuri, na klorini aitumie siku nyingine. Chupa ziwekwe mbali na watoto, wala dawa isitiwe katika chupa ya soda, kwani mtoto hajui tofauti.

PIPA NA MTUNGI

Sasa ndilo jambo lililo kubwa kuliko yote. Mwaka 2004 homa ya chikungunya iliingia Lamu, na wataalamu walipopima damu za watu waliona ya kuwa katika kila watu 4, watu 3 hivi walikuwa wameambukizwa. Jina la ugonjwa huo ni la Kimakonde, nalo lilijulikana ulimwenguni baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini ya Tanganyika; maana yake ni kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Mwishoni mwa mwaka 2017 na mwaka 2018 homa hiyo ililipuka Mombasa. Homa ya dengi, ambayo wengine huiita kidingapopo, nayo ilienea Mombasa mwaka 2013, na imerudi tena baada ya hapo.

Homa hizi mbili huletwa na mbu mmoja: mweusi, mwenye madoa meupe miguuni. Huuma mchana, na kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi kumzuia. Hahitaji kinamasi wala mto. Hupenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya nyumbani, na pipa la bafuni humfaa sana, kwa kuwa limo kivulini na watu wako karibu.

Mbu jike hutaga mayai yake juu ya ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji. Mayai hayo ni madogo sana, meusi, na hushika kama yaliyogandishwa kwa gundi. Chombo kikikauka hayafi. Huweza kungoja kwa miezi kadhaa. Siku maji yatakapojazwa tena na kuyafikia, huanguliwa yakawa viluwiluwi, na baada ya siku 7 hadi 10 hivi huwa mbu warukao.

Hapo ndipo lilipo kosa la watu wengi. Humwaga maji ya zamani, hujaza mapya, na kudhani ya kuwa chombo ni safi. Maji yamebadilika, lakini mayai yako pale pale ukutani. Hapana budi ukuta wa ndani usuguliwe. Kazi hii huenda hivi:

1. Maji yatumiwe mpaka yabaki kidogo, ili yasipotee bure. Siku ifaayo ni ile ya kuosha bafu.
2. Ukuta wa ndani usuguliwe kwa brashi na sabuni, kuanzia ukingoni hata chini, na zaidi pale penye alama ya maji.
3. Maji ya kusugulia yamwagwe juu ya ardhi kavu penye jua, wala yasimwagwe katika chombo kingine.
4. Chombo kisuuzwe, kijazwe, na kufunikwa kwa kifuniko kisicho na nafasi, au kwa kitambaa kilichofungwa kwa mpira.

Ikifanywa kila baada ya siku 7, mbu hapati nafasi ya kukua. Tangi kubwa lisiloweza kumwagwa lifunikwe kwa wavu mwembamba, na wahudumu wa afya waulizwe habari ya dawa ya kuua viluwiluwi. Tena yatazamwe makopo, vifuu vya nazi na mipira ya magari iliyotupwa uani, kwa maana navyo hushika maji ya mvua.

Watu wa pwani hawakuwa wageni wa jambo hili. Katika nyumba za mawe za Lamu, bafu lilikuwa na birika la maji lililojengwa kwa chokaa, na ndani yake waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Chini ya birika ilijengewa bakuli ya kaure kutoka Uchina, ili maji yakipungua samaki wapate mahali pa kukaa. Hata huko Gedi, mji wa kale ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, nyumba zilionekana kuwa na vyoo na mahali pa kuogea. Usafi wa bafu, basi, ni mila ya pwani yenyewe.

MAJI YANAPOKWENDA

Maji machafu ya bafu mara nyingi huingia katika shimo. Shimo lililo wazi au lenye ufa huzaa mbu wa namna nyingine, yule aumaye usiku na awezaye kueneza matende. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walimwaga chembe nyepesi za povu la plastiki juu ya maji ya mashimo ya vyoo. Zilielea zikafunika maji, mbu wakakosa mahali pa kuzalia, na pamoja na dawa walizopewa watu ugonjwa ulipungua sana. Kwa mwenye nyumba lililo rahisi ni kuziba nyufa za mfuniko kwa saruji, na kufunga wavu juu ya bomba la kutolea hewa. Maji ya bafu yasiachwe yapite njiani wala karibu na kisima.

KAZI YA WOTE

Bafu la watu wengi huharibika kwa sababu kila mmoja humngoja mwenzake. Njia nzuri ni zamu. Kila chumba kipewe juma lake, na ratiba iandikwe na kubandikwa karibu na mlango. Mwenye nyumba anunue brashi, fagio na vifuniko vya mapipa, nao wapangaji watoe kazi. Wanaume wasidhani ya kuwa kazi hii ni ya wanawake na watoto peke yao. Mbu hachagui, na mtu mwenye chikungunya huweza kukaa majuma mengi viungo vikimuuma, asiweze kubeba mzigo wala kwenda kazini.

Zamani mkaguzi wa usafi, aliyeitwa Bwana Afya, alipita nyumba kwa nyumba akifunua mitungi na kutazama ndani. Kila mwenye nyumba na mpangaji aweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe leo. Na achukue taa au kurunzi, afunue pipa la bafuni, na apitishe kidole juu ya mstari wa maji. Akihisi chembe ndogo kama punje za mchanga mweusi, ajue kazi imemngoja, na aianze siku hiyo hiyo.