Chapati za shule bila foili

SWALI: Mwanangu yuko darasa la pili hapa Dar es Salaam. Kila asubuhi namfungia chapati kwenye foili, na juisi ya pakiti. Takataka zinanisikitisha. Ninunue kontena la plastiki au la chuma?

JIBU: Ukiweza, dada yangu, nunua la chuma cha pua. Plastiki hukwaruzwa na kijiko, mafuta ya mchuzi yakajificha kwenye michirizi, na harufu yake haitoki. Kama mfuko hauruhusu, geuza kontena utazame chini: tafuta pembetatu yenye namba 5. Hiyo ni polipropilini, inayostahimili joto vizuri.

Kabla ya kulipa, mpe mtoto alifungue mwenyewe palepale dukani. Nimeona watoto wakirudi na njaa kwa sababu tu mfuniko uliwashinda. Chomoa pia ule mpira wa mfuniko. Usipotoka, ukungu utaota chini yake na hutaufikia kuuosha.

Chapati ziache zipoe kwanza, kisha zifunge kwa kitambaa safi cha pamba. Zikifungwa za moto hutoa jasho zikalowa. Wali ni habari nyingine. Usimpe wali vuguvugu wa kukaa hadi saa saba mchana, utamuumiza tumbo. Utie ukiwa wa moto kabisa kwenye chupa ya chakula yenye kuta mbili, uliyoipasha kwa maji ya kuchemka.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini pakiti za juisi zimebaki. Badala yake mpe maji kwenye chupa yake, na chungwa lililomenywa.