Uwiano: Hesabu ya Jaani, Jengoni na Jikoni

Swali la hisabati lenye maneno mengi wengi wetu hulikimbia. Ati Kiingereza chake kigumu! Basi leo nalileta kwa Kiswahili. Wenzetu wa Tanzania, ambao shule nyingi za msingi hufundisha hisabati kwa lugha hii, huita jambo lenyewe uwiano.

Hapa kwetu Mwakirunge, taka za mji wa Mombasa huletwa jaani, na wako watu waishio kwa kuokota plastiki na vyuma wakauza kwa kilo. Tuseme mnunuzi atoa shilingi 45 kwa kilo 3. Mama mmoja ana kilo 8. Alipwe shilingi ngapi? Tafuta kwanza bei ya kilo moja: 45 ÷ 3 = 15. Kisha 15 × 8 = 120. Mnunuzi akisema, "Chukua mia, mama, tusisumbuane," shilingi 20 zimekwenda. Hizo ni kilo moja na theluthi alizoziinamia juani bure!

Jengoni nako ni vivyo hivyo. Zege huchanganywa mara nyingi kwa uwiano wa 1:2:4, yaani karai 1 ya simiti, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Mchanga ukiwa karai 10, simiti ni 5 na kokoto 20. Fundi akitia simiti karai 3 tu, zege litakauka na kwa macho utaliona sawasawa, lakini nguvu ile halina. Na watu watalala chini yake.

Sasa kuna mtego. Watu 4 wachimba msingi kwa siku 6. Wakiwa 3 je? Wengine huandika siku 4 na nusu. Hebu fikiri: watu wamepungua, kazi itaishaje mapema? Huu ni uwiano kinyume: 4 × 6 = 24, gawanya kwa 3, siku 8. Mimi kabla ya kushika kalamu hujiuliza, hiki kikizidi, kile kitazidi au kitapungua?

Mengine hayafuati uwiano kabisa. Mchele kilo 1 ukiiva kwa dakika 30, kilo 10 hazikai motoni saa 5. Mpishi wa harusi atakucheka.

Haya, zoezi. Pishi 1 ni vibaba 4. Vibaba 6 vya mchele vikilisha watu 15, pishi 3 zitalisha wangapi? Majibu niletewe Kidato cha Tatu.