Mizani, Daftari na Ufunguo: Watumishi wa Chama cha Kahawa katika Meru na Embu

Mtu apitaye barabara kuu itokayo Embu, akavuka mto Thuci na kupanda kupita Chuka na Nkubu mpaka mji wa Meru, huona mashamba ya kahawa yametanda huku na huku. Chini bondeni, karibu na maji, huona paa la mabati, matangi ya saruji na meza ndefu za kuanikia. Hivyo ni viwanda vya vyama vya ushirika. Mgeni hutazama mitambo na kuistaajabia, lakini mashine ya kukoboa si jambo gumu, kwani ikiharibika fundi aweza kuitengeneza. Jambo gumu ni watu waiendeshao: wamechaguliwaje, nani amewafundisha, nani huwaamuru, na kwa nini waifanye kazi yao vema saa nane ya usiku, wakati hapana awatazamaye.

Wakulima Waafrika wa Meru na Embu waliruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, mbele ya wenzao wa sehemu nyingi za Kenya. Sheria ya vyama vya ushirika ilitoka mwaka 1945, na baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 miti iliongezeka upesi. Matunda yalipokuwa mengi, kazi ya chama haikuweza tena kufanywa na watu wenye kujitolea saa za jioni. Ilihitaji watumishi wa mshahara, na hapo ndipo shida yenyewe ilipoanzia.

Katika duka la mtu mmoja mtumishi humjua bwana wake. Katika chama cha ushirika mabwana ni elfu moja au zaidi, na kila mmoja ana haki ya kusema, "Kiwanda hiki ni changu." Tena mtumishi mwenyewe ni jirani yao, pengine mtoto wa dada yao. Mathalani, mjumbe wa kamati afika kiwandani magharibi na kumwambia mwendesha mashine aanze na matunda ya shamba lake. Meneja alikwisha kumwambia aanze na yale yaliyofika kwanza. Mwendesha mashine amtii nani? Akimtii mjumbe, meneja hana kazi tena. Akimtii meneja, huenda mwezi ujao akaambiwa kwamba nafasi yake imepewa mtu mwingine. Watu wengi hudhani ya kuwa chama huvunjika kwa sababu ya wizi, lakini mara nyingi huanza kuvunjika hapa, kwa amri mbili zinazogongana, na wizi huja baadaye kwa kuwa hakuna tena mtu mmoja wa kuulizwa.

Kwa hiyo mpango wa kazi hauna budi kueleweka na kila mwanachama. Mkutano mkuu huchagua kamati. Kamati hukata mashauri makubwa, huajiri meneja na kumwuliza hesabu. Meneja ndiye awaamuruye karani, mwendesha mashine, waangalizi wa meza, mlinzi na vibarua. Mjumbe aliyeona kosa hulipeleka kwenye kikao cha kamati, wala hamkemei kibarua njiani. Jambo hili laonekana dogo, nalo ni gumu sana kulishika, hasa kwa mzee aliyezoea kusikilizwa.

Shauri la pili ni kugawanya kazi za mali. Wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao la ushirika mwezi wa Desemba 1844, walikuwa maskini na duka lilikuwa dogo mno. Hata hivyo walimweka Samuel Ashworth kuuza, na William Cooper kushika fedha. Hawakufanya hivyo kwa kuwa hawakuaminiana. Mkono utoao bidhaa ukiwa mbali na mkono upokeao fedha, mtu mwaminifu huwa na shahidi wa uaminifu wake. Katika kiwanda cha kahawa mambo ni hayo hayo: apimaye matunda asiwe yeye peke yake aandikaye daftari, na aandikaye daftari asishike ufunguo wa ghala.

Hesabu ifuatayo yafaa ifanywe na kila mkulima pamoja na watoto wake. Matunda mabivu ya kahawa, kiasi cha kilo 6 au 7, hutoa kilo 1 ya buni safi. Mama aletaye matunda mara 30 katika msimu, na kila mara karani akampunguzia kilo 1 tu kwa kusema kwamba kikapu kina maji, hupoteza kilo 30, yaani zaidi ya kilo 4 za buni safi. Yeye hataona. Lakini wanachama 1,000 wakipunjwa vivyo hivyo, ni kilo 30,000 za matunda, ambazo hutoa mifuko zaidi ya 70 ya kilo 60. Mifuko hiyo haikupotea hewani. Imeandikwa kwa jina la mtu fulani. Karani wa mizani hupata mshahara mdogo kuliko wengi kiwandani, naye ndiye ashikaye mali nyingi kuliko wote.

Je, karani wa namna hiyo hupatikanaje? Desturi mbaya ni ile ya kugawana kazi kwa koo: ukoo huu upewe karani, ukoo ule upewe mlinzi, ili watu wanyamaze. Nafasi ya kazi yatangazwa kwa minong'ono, na siku ya mahojiano jibu limekwisha kujulikana. Wamerru wenyewe wana mfano bora zaidi. Mtu haingii katika Njuri Ncheke, baraza la wazee lenye makao yake Nchiru, kwa kujipendekeza. Hutazamwa kwanza kwa muda mrefu, jinsi asemavyo na jinsi atendavyo nyumbani kwake. Chama hakina muda mrefu hivyo, lakini chaweza kutangaza nafasi sokoni, kanisani, msikitini na katika baraza la chifu, kikaeleza mshahara na kazi itakiwayo. Kisha badala ya kumwuliza mwombaji maswali ya darasani, apewe vikapu kumi avipime na kuviandika mbele ya watu. Upesi wa mkono, hati iliyo wazi, na hasa jinsi anavyomjibu mwanamke mzee asiyejua kusoma, vitaonekana katika nusu saa. Mjumbe ambaye ndugu yake ameomba kazi hutoka nje wakati wa kuamua. Akikataa kutoka, wenzake wamtoe.

Wengine husema dawa ni kuleta mtu wa mbali asiye na ndugu kijijini. Viwanda vya majani ya chai vinavyosimamiwa na KTDA, kama Mungania na Rukuriri upande wa Embu, au Githongo na Kinoro upande wa Meru, huendeshwa na mameneja ambao huhamishwa kutoka kiwanda kimoja hata kingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli kwamba mgeni haogopi lawama ya shangazi. Lakini mgeni hajui mto ujaapo wala shamba lipi huchelewa kuiva, na akiharibu huondoka. Chama cha kahawa kilicho kidogo hufaa zaidi kumfundisha mwenyeji.

Na kufundisha si kumpa mtu ufunguo siku ya kwanza na kumwachia. Kazi ya kuchachusha ndiyo ionyeshayo haya. Matunda yaliyokobolewa hulala tangini mpaka utelezi wake ulegee. Joto likiwa jingi, huchukua saa chache. Penye baridi, juu karibu na msitu wa Mlima Kenya, huchukua saa nyingi zaidi. Kwa hiyo saa ya ukutani haitoshi. Mtu mwenye ujuzi hutia mkono, husugua buni kiganjani, na kusikiliza: zikikwaruzana kama changarawe zimekuwa tayari, zikiteleza, bado. Akilala usingizi, buni huchacha kupita kiasi, na chache zilizooza zaweza kuharibu ladha ya mzigo mzima. Kazi ya mwaka ya wakulima mia huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu ya usiku mmoja. Ujuzi huu hauandikiki wote kitabuni. Kijana akae na mzoefu msimu mzima, atie mkono wake baada ya mkono wa mwenzake, mpaka majibu yao yawe mamoja.

Mafunzo ya daftari nayo yana mahali pake. Chuo cha ushirika kilianzishwa Kabete mwaka 1952, kikahamia upande wa Langata mwaka 1967, na mwaka 2016 kikawa chuo kikuu kamili. Kwa mambo ya shambani na kiwandani kuna kituo cha utafiti wa kahawa cha Mariene, Meru. Kosa la vyama vingi ni kupeleka wajumbe wa kamati masomoni mara tatu na karani asiende hata mara moja. Mjumbe aweza kuondolewa katika uchaguzi ujao, na elimu ikaondoka pamoja naye.

Baada ya hayo yote mtumishi mzuri aweza kuchoka. Fedha za kahawa huchelewa kufika, na kamati nyingi huona ni haki mtumishi angoje pamoja na mkulima. Si haki. Mkulima ana ndizi na maziwa nyumbani. Karani aliyeacha shamba lake ili apime kahawa ya wengine ana mshahara tu. Asipolipwa miezi minne, mizani itamlipa. Chama chenye busara hutenga fedha za mishahara kabla ya msimu, hununua viatu vya mpira kwa waoshao buni, hutoa chai kwa wakeshao, na bei ya mnada ikipanda kwa sababu ya usafi wa kazi, huwatengea watumishi sehemu ndogo ijulikanayo na mkutano mkuu.

Sheria nayo yasema. Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mtu aajiriwaye kwa miezi mitatu au zaidi hupewa mkataba wa maandishi. Amalizaye miezi kumi na miwili hustahili likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi. Kibarua afanyaye kazi mfululizo kwa mwezi mmoja haendelei kuhesabiwa kuwa kibarua wa siku. Wanawake wachambuao buni mezani kuanzia Oktoba mpaka Desemba na kuitwa vibarua mwaka baada ya mwaka wanahusika hasa na neno hili, na kamati isiyolijua huenda ikalisikia mara ya kwanza mahakamani.

Kuhusu mizani, sheria hutaka ikaguliwe na kupigwa muhuri. Lakini mkaguzi huja kwa nadra na matunda huja kila siku ya mavuno. Hapana gharama katika kutafuta jiwe moja, kulipima mbele ya mkutano, kuandika uzito wake kwa rangi nyeupe, na kuliweka juu ya mizani kila asubuhi kabla ya kikapu cha kwanza. Jiwe hilo litunzwe na mwanachama asiye wa kamati, aletaye kahawa yake mapema.